Filme ya Taiwan haikukwama, jamani!

Leo Ramazani amenizimia filme mara tatu. Mara TATU!

Niliwaalika ninyi wote mu sale, ukumbi wa parokia, hapa Kasongo, muone kazi ya yule mutengenezaji wa Taiwan ninayemusifu kila siku. Miaka mingi Wazungu wanamupa zawadi. Kamera yake haitembei. Mutu anakula, na wewe unamuangalia mpaka amalize.

Dakika ya nne tu, Ramazani, mwenye mashine ya kuonyesha filme, akaruka, akazima: "Imekwama!"

Haikukwama! Si unaona mvuke wa wali?

Akawasha, akazima tena, mpaka mara ya tatu.

"Mwalimu, hii filme iko na ugonjwa."

Mukacheka, mukatoka mmoja mmoja. Nilitaka kulia.

Akabaki Mama Zaina, mushonaji wa Kabambare, aliyekuja kuona dada yake. Nikamuambia, "Pole mama, tufunge tu."

"Acha kwanza. Uyu baba wa mu filme amefiwa na muke wake. Ameandaa sahani mbili."

Filme hiyo nimeiangalia mara sita. Sahani ya pili sikuiona hata siku moja.

Nikaiwasha mwenyewe, tukaimaliza, sisi wawili.

Sasa ninyi mulioondoka, muniambie hapa chini: mulikuwa munakimbilia wapi?