Rangi Ishirini na Mbili za Krimu

Keoagile Motlhabane alikuwa fundi rangi hapa Lobatse kwa miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo alijua krimu ya aina moja tu: ile ya kwenye kopo lililoandikwa krimu. Alipaka zahanati, alipaka madarasa, akapaka hata kanisa letu, na hakuna mgonjwa, mwanafunzi wala mwenye dhambi aliyewahi kulalamika.

Balaa lilianza pale Mmagaone, yaani Mama Gaone, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alipopigiwa simu na binti yake Gaone kutoka Gaborone. Binti alikuwa amepata mchumba, na wajomba wa mchumba wangekuja kuposa baada ya wiki tatu. Ila alikuwa na ombi. Sebule isiwe ya buluu. Watu wa kwao mchumba ni watu wa krimu.

Keoagile akaitwa. Alikuta meza imejaa kadi kutoka duka la rangi, na juu ya kadi hizo vijipande vya rangi ishirini na viwili, kila kimoja na jina lake: Kumbatio la Mchanga, Pumzi ya Ngano, Ukimya wa Karanga.

"Chagua moja tupake, mma," alisema Keoagile. "Hizi zote ni rangi moja, tofauti ni siku ya kuoga tu."

"Rra, wewe umezoea kupaka zahanati," Mmagaone akamjibu. "Hebu tazama vizuri. Kumbatio la Mchanga lina joto."

Mumewe, Rragaone, aliyestaafu ukaguzi wa mifugo, akavaa miwani. Mtu huyu alikuwa ametazama midomo ya ng'ombe maisha yake yote, na hakuna aliyekuwa akimwambia kitu kuhusu kutazama. "Joto gani? Hilo lina homa. Pumzi ya Ngano ndiyo rangi ya watu wazima."

Basi Keoagile akapaka viraka viwili ukutani ili wenyewe waone. Kesho yake wakataka cha tatu, cha kupatanisha. Cha tatu kikamkasirisha kila mtu, kikazaa cha nne. Kufikia Ijumaa ukuta ulikuwa na viraka tisa, na wenye nyumba walikuwa wamegeuza viti vyote viutazame.

Mimi nilipita kuazima chumvi, nikashikwa mkono na kusimamishwa mbele ya ukuta.

"Wewe ni mtu wa haki," alisema Rragaone. "Sema ukweli wako."

Nikasema naona vyote ni krimu. Chumvi sikupewa.

Akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi ya Jumatano, wakatoka wamegawanyika; waliosimama upande wa Pumzi ya Ngano waliimba kwa sauti yao, wa Mchanga kwa sauti yao. Keoagile akawa anatusimulia hayo pale kwa muuza magwinya, maandazi ya kwetu, huku akicheka hadi yakampalia.

Kicheko kiliisha Alhamisi ya wiki ya pili. Siku hiyo Mmagaone alimwuliza, kwa unyonge wa mtu aliyechoka, "Rra Motlhabane, wewe mwenyewe unaonaje?"

Katika miaka thelathini hakuna mteja aliyewahi kumwuliza hivyo. Keoagile aliweka brashi chini. Akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja.

"Kiraka cha nne," alisema polepole, "ikifika saa kumi jioni, kinaingia ukijani."

Wote wakatazama. Rragaone akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mungu wangu," akasema. "Kweli."

Tangu hapo tukampoteza. Nyumbani mkewe, Mma Boikanyo, alimwekea bakuli la uji wa mtama, naye badala ya kula akalipeleka dirishani.

"Kuna nzi?" mkewe akauliza.

"Hapana. Naangalia. Huu ni Ukimya wa Karanga, ila umekosa uaminifu."

"Wewe mzee, uji ukipoa usiniite."

Wiki ya tatu ikaisha na hakuna kilichochaguliwa. Alfajiri ya Jumamosi wajomba wakafika wamevaa makoti, shangazi za mchumba wamejifunga mablanketi mabegani, wakaketi kwa adabu mbele ya viraka kumi na saba. Mmagaone alitamani ardhi ipasuke immeze. Mjomba mkuu, Rre Ntebele, alikohoa ili atoe maneno yale yaliyomleta, yanayohusu kutafuta kibuyu cha maji, yaani kuomba mke. Macho yakamponyoka kuelekea ukutani.

"Tumekuja…" akaanza. "Samahani, wenye nyumba. Kile cha karibu na dirisha ni kipi?"

"Pumzi ya Ngano," alisema Rragaone, akinyanyuka kidogo kitini.

"Kizuri."

"Kizuri wapi?" alidakia shangazi wa bwana harusi. "Kimepauka kama mguu wa mtu aliyekosa mafuta! Kile cha chini yake ndicho rangi."

"Dada yangu!" alilia Mmagaone, maana hicho kilikuwa Kumbatio la Mchanga, akamkumbatia mwanamke ambaye hawakuwa wamejuana hata nusu saa.

Kwa desturi, wajomba hukawia, huvutana, hununa, hutoka nje kushauriana chini ya ukuta wa ua. Siku ile habari ya ng'ombe wa mahari ilimalizwa kabla chai haijapoa, kwa kuwa pande zote zilikuwa na haraka ya kurudi kwenye jambo lenyewe. Keoagile aliitwa kutoka kwake, mdomo ukiwa bado na povu la dawa ya meno, aje aeleze habari za ukijani wa saa kumi. Rre Ntebele alimsikiliza akiwa amevua kofia.

Gaone aliolewa mwezi wa nane, kwa amani. Sebule ilipakwa Kumbatio la Mchanga siku Rragaone alipokwenda kuangalia ng'ombe wake malishoni. Aliporudi alikaa siku mbili akisifu Pumzi ya Ngano yake, na mkewe hakumsahihisha.

Keoagile naye hapandi ngazi tena. Ameajiri vijana wawili, na shangazi yule amempatia wateja Gaborone. Hufika kwa basi la asubuhi, hupewa kiti na chai, hufumba jicho moja. Juzi nilimwuliza kama kweli anaziona zote ishirini na mbili.

"Zimefikia arobaini na moja sasa," alinijibu, bila tabasamu hata kidogo, akanisogeza pembeni kwa kiwiko kwa sababu nilikuwa nimemkingia mwanga.