Majani ya Mama Mbombo

Mama Mbombo alirithi ng'ombe bila kuwataka. Kaka yake alipofariki, watoto wa marehemu walikuwa wameshahamia Kolwezi kufanya kazi migodini, na hakuna aliyekubali kurudi Kasaji kuchunga. Yeye alikuwa mjane, akiuza unga wa muhogo karibu na stesheni. Akafunga biashara, akajifunza kukamua akiwa na miaka hamsini na kitu.

Wakati wa mvua kazi ilikuwa nyepesi. Taabu ilianza mvua zikishakatika. Kufikia mwezi wa sita, asubuhi bonde lilikuwa jeupe kwa umande ulioganda. Ng'ombe walisimama zizini wamebanana, hawataki kutoka mpaka jua lipande. Malisho yalikuwa makavu kama ufagio. Kwa hiyo kila mwaka alitenga kipande cha bonde chenye majani, kisiguswe mpaka mwezi wa nane.

Mwaka jana, mwezi wa saba, kipande hicho kiliungua chote mchana mmoja.

Kesho yake jirani yake Muamba, ambaye huwinda panya wa porini, alikuja akasimama nje ya zizi, kofia mkononi.

"Mama, ni mi niliwasha moto. Nilikuwa natafuta mapanya. Upepo ikanishinda."

Mama Mbombo aliendelea kuzoa samadi. "Na ngombe yangu itakula nini sasa?"

"Sijue, mama. Sina na kitu ya kukupatia."

"Uko na mikono. Kesho kuya na panga."

Muamba alikuja. Wakakata matete mtoni, na kila jioni akazunguka kwa baiskeli nyumba hadi nyumba kuomba maganda ya mihogo na majani ya viazi vitamu. Havikutosha. Mbavu za ng'ombe zikaanza kuonekana.

Kabasele, mtoto wa kaka yake, alipiga simu kutoka Kolwezi.

"Mama, uzisha ile mangombe mbele ya kufa yote."

"Nani atakubali ngombe ya mifupa?" alimjibu, akakata.

Kisha ng'ombe mmoja mweusi, mwenye mimba, akalala na kushindwa kuinuka. Walimpitishia magunia chini ya tumbo, wakamwinua kwa miti. Akasimama akitetemeka, akala kidogo, akaanguka tena. Walifanya hivyo kila asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, mpaka siku alipozaa akiwa amelala. Jioni akafa.

Mama Mbombo alilia nyuma ya nyumba, peke yake. Kisha akanawa uso, akamwita Muamba aje wachune ngozi.

Ndama walimfunika kwa sweta la Mama Mbombo. Ng'ombe mwingine aliyekuwa ananyonyesha alimkataa, akampiga mateke, ikabidi Muamba amshike pembe ili mdogo anyonye. Baada ya siku kadhaa akamzoea.

Kabla ya mvua kurudi alikufa mwingine mmoja, mzee. Waliobaki walipona, ingawa hadi Krismasi hapakuwa na maziwa ya kuuza.

Mwaka huu, majani yakiwa bado mabichi, Mama Mbombo na Muamba walilima ukanda mpana wa udongo mtupu kuzunguka bonde, moto usivuke. Muamba bado anawinda panya, lakini siku hizi anawafukua kwa jembe.