Mbuzi wa Kumkumbusha Luka

Luka Silvano alitaka kumuoa Angelina Matonya wa Buigiri, na jambo moja tu lilimkosesha usingizi: awaambie wakwe zake kwamba ana ADHD, au anyamaze. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wake. Nilimwambia anyamaze.

Luka ni fundi wa pampu za visima, hizi zinazotumia umeme wa jua. Mimi nanunua mbuzi Chemba na kuwauza mjini, na tulifahamiana aliponifungia pampu ya kunyweshea mifugo. Aliifunga vizuri, sina lawama. Ila siku hiyo alifika bila ngazi. Akaifuata ngazi, akarudi nayo, akakuta hana bisibisi, akakumbuka mfuko wa vifaa ameuacha kwa mteja wa jana. Kabla ya kuufuata mfuko akatengeneza redio ya mke wangu, ambayo hakuna aliyemwomba aiguse.

"Huyu kijana ana akili mbili," mke wangu akasema, "na zote zimetoka nyumbani kwa wakati mmoja."

Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Kwao Chemba walimwita mapepe. Shuleni alichapwa kwa kutazama dirishani, na machungani alipoteza mbuzi wa baba yake kwa sababu aliona siafu wanahama akataka kujua wanahamia wapi. Hakuna aliyemchukia. Walimzoea tu, naye akazoea kuomba radhi, akakua na "samahani" mdomoni kama mtu anayetembea na mswaki.

Kilichobadilisha mambo ni mnara wa tangi huko Ihumwa. Luka alishuka kufuata koleo, akapanda, akashuka kufuata kingine, akapanda tena, na safari hii hakufunga mkanda wa usalama. Mwenye nyumba alikuwa daktari, amesimama chini anamtazama. Hakumfokea. Alimkalisha kivulini, akamuuliza maswali mengi ya utotoni, mwisho akamwambia aende kliniki kule anakofanya kazi yeye. Na kule ni hospitali ile ya wagonjwa wa akili, ambayo sisi watu wa Dodoma tukitaka kumtania mtu tunamuuliza ametoroka lini.

Luka alikwenda, tena si mara moja tu. Ndiko alikopewa jina la hali yake, pamoja na dawa na utaratibu wa kazi. Nilipomuuliza hiyo ADHD ni kitu gani, alinieleza kwa lugha yangu.

"Si kwamba siangalii, Baba Elisante. Naangalia vyote. Ni kama nimetumwa mnadani kununua mbuzi mmoja, na wote wanalia kwa pamoja."

Nikamwelewa palepale. Tangu aanze kliniki hupanda ngazi kwa utaratibu. Hutandika turubai jekundu chini, kila kifaa na mahali pake, kisha huupiga mkanda kwa kiganja mara mbili ndipo anyanyue mguu. Kazi zikaanza kwisha siku ileile. Turubai alishonewa na Angelina, ambaye ni fundi cherehani. Yeye alijua kila kitu na hakuona tatizo. Tatizo aliliona kwa baba yake.

"Baba akisikia jina la hiyo hospitali," alituambia, "neno linalofuata halisikii tena."

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa mfupi. Tumalize mahari, wafunge ndoa, halafu jambo lenyewe litajitokeza polepole, Luka akiwa tayari anakula ugali wao.

"Mbona mbuzi unawasema mapema?" Luka akaniuliza. Ni kweli. Chemba nzima inajua kwamba mbuzi wangu akiwa na kasoro naitaja kabla kamba haijabadili mkono. Si utakatifu huo. Mnunuzi aliyedanganywa harudi.

"Mbuzi haoi," nikamjibu.

"Basi baba yake Angelina ana haki ndogo kuliko mnunuzi wa Chemba."

Nilimwambia anywe chai yake, inapoa.

Siku ya mahari tulifika Buigiri mapema. "Mbukwenyi," tukasalimu kwa Kigogo, tukaitikiwa, tukakalishwa. Mzee Matonya alikaa kimya kama inavyompasa baba, na kazi ya kutubana akaachiwa dada yake, Shangazi Emiliana. Nimeshakutana na madalali wengi, wote wanamfuata mama huyu kwa mbali. Kila mnyama katika mahari ana jina lake, huyu wa mama, huyu wa babu, na kila nilipopunguza mmoja alimrudisha kwa jina jingine.

Kwa desturi mwoaji haongei. Hukaa nyuma ya mshenga ametulia. Luka alitulia mpaka aliposikia bomba la uani linadondosha maji. Akainuka kwenda kulitazama, wazee wakamtoza faini ya kuku. Akarudi, goti likaanza kucheza, benchi zima likatikisika nalo. Akainuka tena. Kuku wa pili.

"Mshenga," Shangazi akasema, "mkwe wetu ana mchwa kwenye kiti, au sura zetu zinamchosha?"

"Malaria ya juzi, Shangazi. Bado haijamtoka vizuri."

Nikahisi mkono begani. Luka alitaka ruhusa ya kusema. Nikajifanya sijahisi kitu, lakini Shangazi alikuwa ameona.

"Mwache. Ila mwoaji kufungua mdomo ni faini kubwa kuliko kuku."

"Nitalipa," Luka akasema. Akasimama, mikono nyuma. "Shikamooni wazee. Sina malaria. Nina hali inaitwa ADHD, nimezaliwa nayo. Nasahau, nahangaika, naanza hiki naacha kile. Natibiwa hospitali ile. Angelina anajua. Nimeona na nyie mjue kabla hamjanipa binti yenu."

Mimi nilikuwa naanza kutafuta kofia yangu.

"Hospitali ile?" Mzee Matonya akauliza.

"Ile ile, Baba."

"Na wakakuachia?"

"Sikulazwa. Naenda kliniki, napewa dawa, narudi kazini."

"Unapiga watu?"

"Hapana."

"Unaweza kumsahau mtoto kisimani?"

Wengine wangekimbilia kusema hapana. "Hilo ndilo ninaloliogopa," Luka akasema. "Kisima cha nyumbani nimeshakifunga mfuniko wa chuma na kufuli. Lakini mfuniko hautoshi, ndiyo maana nasema leo, ili macho yawe mengi."

Sauti ya Angelina ikatoka ndani. "Baba, mimi nilijua tangu mwanzo."

"Wewe hujaulizwa," Shangazi akamjibu. "Lakini tumesikia."

Wazee walijitenga nyuma ya zizi. Walikaa huko mpaka chai ikaletwa ikapoa, na Luka, nikiri hili, hakuinuka hata mara moja. Waliporudi, Shangazi alinitazama mimi, si yeye.

"Mke tunatoa. Ila tunaongeza mbuzi jike mmoja."

"Shangazi, kasoro ikitajwa bei hushuka. Haipandi."

"Huko mnadani kwenu. Hapa mwenye kasoro tumempunguzia: kuku wake wawili na faini ya kusema tumezifuta, maana amesema la maana. Mbuzi ni wako wewe. Nani alisema malaria?"

Hata Mzee Matonya alicheka. Nikauliza jina la mbuzi huyo, kwa kuwa lazima awe na jina.

"Mbuzi wa kumkumbusha. Atafugwa kwangu. Mkwe akisahau jambo la nyumba hii, nampigia simu aje amtazame."

Nilijaribu kumtoa beberu, akakataa. Nikampelekea jike wa wastani. Hasara imeingia, ila nilikosea hesabu mwenyewe: nilidhani wananunua kijana aliyetulia, kumbe walitaka kujua wanaongea na nani.

Walioana baada ya mavuno ya zabibu, wanaishi Ihumwa. Luka hamwambii kila mtu. Wateja hawajui, na hakuna haja. Wanalipa pampu itoe maji, inatoa. Anamwambia anayemshikia ngazi na anayekula naye sahani moja. Mzee Matonya naye anawaambia majirani kwamba mkwe wake ana ADHD, analitamka vibaya, na anayeuliza zaidi anaambiwa aende akasome.

Mwezi uliopita Shangazi alimpigia Luka simu amletee chumvi ya mifugo. Luka aliendesha pikipiki mpaka Buigiri, akafika na kipira cha kuzuia bomba lisivuje mfukoni, na chumvi hana. Shangazi akampa chai, akamwonyesha bomba la uani, lile la siku ya mahari. Halidondoshi tena.

Mbuzi mwenyewe amezaa mapacha. Nilipouliza kama mmoja ni wangu, Shangazi alisema nikaiulize malaria.