Courant Imeenda

Goma umeme tunauita courant, na ukikatika tunasema courant imeenda, kama vile ni mgeni aliyeaga akashika njia. Siku moja, mchana kweupe, neno hilo lilitaka kuniachia ujane na kuniulia kamera kwa mpigo mmoja.

Studio yetu ya picha ilikuwa mtaa wa Keshero, chumba kimoja chenye pazia la kijivu. Kamera ya dijitali tulikuwa ndiyo kwanza tumeipata, baada ya kuuza ile ya filamu pamoja na vyombo vyangu vya harusi. Taa mbili kubwa za flash tulizirithi kwa baba mkwe, aliyepiga picha mjini Butembo mpaka macho yakamwishia. Mume wangu alizipenda taa zile kuliko alivyonipenda mimi, na sitanii. Kwake yeye, kitu cha baba yake hakiwezi kuwa na kasoro.

Siku hiyo aliingia mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Mugunga, amefuatana na kijana wake, mtu mzima mwenye ndevu. Walikuwa watu wa Rutshuru. Vita vilipowafikia, nyumba yao iliungua na picha zote ndani, na mume wa yule mama akauawa njiani. Kilichobaki kwake ni koti la kahawia, ambalo marehemu alimvika mkewe siku ya kukimbia ili asipate baridi.

"Sina hata photo moja ya papa yake," akaniambia. "Watoto yangu ya mwisho wameanza kusahau sura. Lakini huyu, wanafananaka sana. Tutamuvalisha koti, utamupiga. Kwenye photo, huyu njo atakuwa papa yao."

Kesho yake kijana alikuwa anapanda boti kwenda Bukavu kutafuta kazi, na hakuna aliyejua angerudi lini. Ilikuwa leo au basi. Niliitikia.

Nikaziwasha taa. Zikaanza kile kimlio chao chembamba cha kujaza nguvu, na mume wangu akawa anatafuta waya wa kuziunganisha na kamera. Alipoupata tu, courant ikaenda.

Mume wangu akafurahi, akaniambia, "Mama, sasa ni muzuri kabisa. Courant imeenda, tunaunganisha bila woga. Ikirudi itatukuta tayari."

"Pima kwanza, Papa," nikamjibu. "Hizi taa ni za zamani."

"Hii kamba inabebaka habari tu, haibebake courant. Na courant yenyewe imeenda. Unaogopa nini?"

Akauchomeka waya kwenye taa ya kwanza. Mkono mmoja ulishika kamera, mwingine ulikuwa unafungua kifuniko cha tundu lake, kwa hiyo ncha ya pili ya waya akaibana midomoni, kama fundi cherehani na pini zake.

Chumba chote kikawa cheupe. Taa isiyo na umeme iliwaka pah! na mume wangu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, akaenda chini chali, kamera kifuani. Nilipiga yowe. Nikageuka kuwaomba radhi wateja, sikuwaona.

Kiti kilikuwa kitupu. Yule mama alikuwa sakafuni, amemlalia kijana wake mwenye ndevu, amemfunika kichwa kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Mume wangu alikuwa amerushwa na umeme, lakini hawa wawili walikuwa wamerudi Rutshuru.

"Si bombe, Mama," nikamwambia, nikimshika bega. "Ni taa tu. Inuka, utusamehe."

Mume wangu akaketi, mdomo umeanza kuvimba. Alitaka kusema, yakatoka mate. Namshukuru Mungu kwa uhai wake, na siku hiyo nilimshukuru pia kwa kimya hicho. Nikachukua kipimo cha umeme tulichopimia betri za sola, nikakigusisha kwenye tundu la waya la taa ya pili, ambayo nayo haikuwa na courant. Kikaonyesha volti zaidi ya mia mbili. Courant ya ukutani ilikuwa imeenda kweli, lakini ile iliyokwisha kuingia kwenye taa ilikuwa imejikalia humo. Mgeni ameaga, mizigo yake bado iko chumbani. Kamera za filamu za baba mkwe zilivumilia nguvu hiyo. Hii yetu ingeungua palepale, na picha ya yule mama ingeungua nayo.

Waya nikautupa kando. Taa zile zilikuwa na jicho dogo mgongoni, linaloona flash nyingine ikiwaka, taa nayo ikawaka bila kuguswa. Nikainua kiflash cha kamera yenyewe, nikakipunguza nguvu, nikakizuia kisikonyeze mwanga kabla ya kupiga, taa isije ikawaka mapema, kisha nikakikinga kwa karatasi. Taa ya pili ilikuwa imebakiza nguvu ya mara moja tu. Nikawaeleza wote wawili: itawaka mara moja, msiogope.

Kijana akakaa, koti limemkaa sawasawa. Mama yake akasogea kumnyoosha kola. Nilikuwa nimeweka kidole tayari, namsubiri atoke, jirani alipowasha jenereta lake. Likapiga kishindo kama risasi, kisha kingine. Kwa hicho cha pili kidole changu kikashtuka, taa ikawaka, basi. Nguvu imekwisha.

Nilitazama kioo cha kamera nikitamani kulia kwa hasira. Kijana hakuwa amekaa. Alikuwa amemrukia mama yake, amemzungushia koti lile na mikono yake, uso umegeukia mlangoni. Mama haonekani ila kitambaa cha kichwa.

"Nisamehe, Mama," nikasema. "Hii nitaifuta. Tungojee courant, turudie."

Akaniomba kamera. Akaishika kwa mikono miwili, akatazama, akatazama tena. Kijana wake akaja kuchungulia begani, lakini mama hakumtazama.

"Usifute," akasema. "Ni yeye. Hivi njo alinifunikaka siku ya kukimbia."

Courant ikarudi palepale, taa zikaanza tena kimlio chao. Hakuna aliyekwenda kukaa kwenye kiti.