Waya Juu ya Shamba la Mwajuma

Mwizi angemfaa Mwalimu Gervas zaidi. Mwizi anachukua waya, anauza shaba, unamlaani, unanunua mwingine, maisha yanaendelea. Lakini huyu mtu wa Mgeta aliyekuwa akimsumbua hakuiba. Kila Jumamosi Gervas alipopanda mlima kutoka kwake Mafiga, aliukuta waya wake umeteremshwa mtini, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kamba ya mgomba na kutundikwa mlangoni kwa Halidi, aliyempa mahali pa kuufunga.

Gervas alikuwa mwalimu wa fizikia mstaafu, mtu wa Songea aliyelowea Morogoro. Tangu ujanani alikuwa na leseni ya redio, si ya kutangaza bali ya kuzungumza na wenye leseni wenzake popote duniani. Rafiki yake mkubwa humo hewani alikuwa Chanda wa Kasama, Zambia. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, ila walikuwa wamesikilizana kwa masafa yote waliyoruhusiwa, isipokuwa yale ya chini kabisa, ambayo mawimbi yake ni marefu mno na yanataka waya mrefu vilevile. Sasa Chanda alikuwa amezeeka, macho yamefifia, anahamia kwa binti yake kwenye nyumba ya ghorofa. Mlingoti wake ungeng'olewa mwisho wa mwezi. Masafa yale yasipopatikana sasa, basi tena.

Mafiga waya wa namna hiyo ungepita juu ya mapaa ya mtaa mzima. Ndipo Gervas alipomkumbuka Halidi, muuza kabichi wake wa sokoni, ambaye nyumbani kwake Mgeta kuna bonde jembamba lenye mikaratusi pande zote mbili. Alimnunulia soda, akamweleza. Halidi akasema hakuna neno, shamba lipo, mwalimu afunge tu. Gervas akafunga, toka mti wa huku hadi mti wa ng'ambo.

Uliposhushwa mara ya kwanza alidhani ni upepo. Halidi naye akaitikia kwamba upepo wa huku ni mkali.

"Upepo wa huku unajua kufunga fundo?" Gervas alimuuliza.

Halidi akakumbuka kwamba ana kabichi za kumwagilia. Ndivyo alivyokuwa, kila swali la maana lilimkumbusha kazi. Gervas alifunga tena, ukashushwa. Alifunga juu zaidi, ukashushwa kutoka huko juu. Ilifika mahali akawa anagombana peke yake kwenye vile vijia vya mlimani, na akina mama waliobeba karoti kichwani wakawa wanampisha wakimtupia pole ya mbali.

Wiki ya mwisho hakungoja Jumamosi. Alipanda Alhamisi bila taarifa, akamkuta Mwajuma, mke wa Halidi, chini ya mkaratusi, anakunja.

"Shikamoo mwalimu," alisema Mwajuma, wala mikono haikusimama.

"Marahaba. Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Umemwomba mgeni, mwenyeji hukumwomba. Hili ni shamba la mama yangu. Halidi hapa alikuja kuoa."

Gervas alijua, tena alijua sana, kwamba Uluguruni ardhi inafuata upande wa mama. Wanafunzi wake walimweleza zamani, na yeye mwenyewe aliwahi kuwaeleza wageni wengine kwa madaha. Na bado alikwenda kumnunulia soda mwanamume. Alijikasirikia kuliko alivyomkasirikia Halidi, ambaye maskini aliona aibu kukiri mbele ya mwalimu kwamba hana kauli juu ya hata mti mmoja.

Mwajuma alisema mwenye kauli juu ya mashamba ya ukoo ni mjomba wake, Mzee Ahmadi. Na Mzee Ahmadi, bila shaka, alikuwa msibani Matombo. Alirudi Jumamosi alasiri, na mafundi wa kung'oa mlingoti wa Chanda walikuwa wanakuja Jumapili. Gervas akamwamkia, akaeleza haja yake, akaambiwa aeleze tena tangu mwanzo, akaeleza. Mzee hakutaka kitu. Alitaka kuombwa, akaombwa, akakubali papo hapo. Gervas alikuwa ameshaunyakua waya wakati mzee alipoongeza, taratibu, kwamba ruhusa hiyo ni ya upande huu tu. Ng'ambo ya bonde ni kwa Hidaya, mdogo wake Mwajuma, na Hidaya yuko Dar.

Gervas akatoa simu. Mwajuma akamzuia.

"Ardhi haiombwi kwa simu, mwalimu. Hata akikubali, haihesabiki. Hidaya alikuwa hapa siku zote za mavuno, wewe unamnywesha soda mume wangu."

Mtu mwingine angelia. Gervas alifunga nusu ya waya, upande wa Mwajuma peke yake, akaunganisha mtambo na kompyuta kwenye betri ya gari huku akisonya. Nusu ya waya inatosha kusikia. Kusikika ni habari nyingine, na hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Jua lilipozama, mlio ukaja. Masafa yale hayana haraka, herufi moja unaweza kuosha sahani ikiwa bado inaingia. Moja moja zikajipanga kwenye kompyuta, mpaka ikaonekana alama ya Chanda, ile ya leseni inayomtambulisha hewani, kisha alama ya Gervas mwenyewe. Chanda alikuwa anamwita. Gervas akajibu kwa nguvu zote za mtambo wake. Chanda akaita tena vilevile, kama mtu anayepiga hodi asijue ndani kuna watu. Gervas akajibu. Chanda akaita.

Mwajuma, aliyekuwa ameleta chai, akauliza kama mtu huyo hana simu.

"Anayo," alisema Gervas. "Lakini kwetu sisi sharti tusikilizane humu humu hewani, wote wawili. Nikimpigia simu, haihesabiki."

Mwajuma hakucheka. Alilielewa neno hilo upesi kuliko yeyote ambaye Gervas alipata kumweleza habari za redio, na moyo ukamuuma, maana mikono iliyoukunja ule waya ilikuwa yake. Herufi nyingine ikaingia. Chanda alikuwa bado anaita.

"Mpigie hivyo hivyo," alisema Mwajuma. "Asing'oe mlingoti akidhani hapakuwa na mtu."

Gervas akapiga. Chanda hakusalimu, aliuliza tu kama amesikia chochote. Gervas akamwambia amesikia yote, tangu herufi ya kwanza, ila haihesabiki. Chanda akasema anajua. Kisha akamwomba asikate simu, akarudi kwenye mtambo wake, akaendelea kuita, na Gervas akawa anamtajia kila herufi inapofika.