Nyani Alivyoilamba Kofia Yangu

Chekeni tu, ila jina msiniulize. Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu, naishi peke yangu chumba kimoja, na nywele zimeanza kunihama. Mtandaoni nikaona dawa: toboa vidonge vya vitamini E, changanya na sukari na maji kidogo, paka, lala nayo. Nikawa napaka kila jioni. Asubuhi nanawa juu juu tu, maji ya Karatu ni barafu, kisha navaa kofia.

Juzi nilikuwa getini Ngorongoro na wageni wangu. Nyani akaruka kutoka juu ya gari, akanipokonya kofia, akakaa kwenye boneti akiilamba ndani. Wageni wakapiga picha, madereva wakacheka, nami nikacheka nikidhani tunamcheka nyani.

Dereva mmoja, rafiki yangu, akanigeuza taratibu.

“Kaka, kisogoni una sukari imeganda, na sisimizi wamepanga mstari. Kwani nyumbani hakuna mtu wa kukuangalia kwa nyuma?”

“Yupo,” nikasema.

Kicheko kikakatika ghafla. Wote pale wanajua ninavyoishi.