Barabara ya Matai Ukutani

Maduka ya watu binafsi yalipochipuka mtaani Majengo, Leonia alipata riziki kwa kuchora picha kwenye kuta za maduka hayo. Mama Fortunata alitaka picha ya barabara ya kwenda Matai kwenye ukuta wa mgahawa wake. Leonia aliichora kutoka kichwani, upana ule ule mwanzo mpaka mwisho, nayo ikasimama ukutani kama ngazi. Akaifuta kwa hasira. Akaenda barabarani, akanyoosha brashi kulipimia lori lililopita: kadiri lilivyokwenda mbali, ndivyo kimo chake kilivyopungua.

Aliporudi aliichora upya barabara, akaibana kule mbali. Mwishoni kabisa akamweka mumewe, aliyepanda lori la kwenda Kasanga kwa barabara hiyo hiyo mwaka juzi asitume hata salamu. Alimpa kimo cha punje ya ulezi.

“Huyu anakwenda au anarudi?” aliuliza Mama Fortunata.

“Kwa kimo hicho, mama, kwangu ni mamoja.”